Njegere mwitu ni nini? Mfano wa vavilovia ya milima ya Kaukazi

Wengi wakisikia "njegere mwitu" hudhani ni njegere iliyotoroka shambani ikajiotea kichakani. Za namna hiyo zipo, lakini sizo zinazokusudiwa. Njegere mwitu ni mmea wa ukoo mmoja na njegere ya chakula, ila haukupita mikononi mwa mkulima: hakuna aliyeuchagulia mbegu wala kuupalilia. Wataalamu wa mimea huuita ndugu mwitu wa zao. Na tuelewane kabisa, nasema njegere, ile ambayo Kenya wengi huiita minji. Mbaazi ni mmea mwingine, ndio ule unaosingizia jua ukikosa maua.

Undugu huu una faida gani? Mkulima wa kale alipookota mbegu za njegere alipendelea zile ambazo ganda lake halipasuki lenyewe na kuzimwaga chini, na zile zinazoota upesi zikipandwa. Kwa kuchagua hivyo miaka elfu na elfu, alipata zao zuri, lakini vinasaba vingi vikaachwa nyuma porini. Pisum fulvum, njegere mwitu ya Palestina, Israeli, Yordani, Lebanoni na Syria, yenye maua ya rangi ya kutu, imebaki na kinga dhidi ya fukusi wa njegere, mdudu anayetoboa mbegu, na dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Kwa kuwa inakubali kuzalishwa na njegere ya shambani, ingawa kwa taabu, watafiti wameweza kuihamishia njegere ya shambani sehemu ya kinga hizo.

Lakini ndugu ninayetaka kumweleza leo ni mgumu zaidi. Anaitwa Vavilovia formosa. Yeye ni wa kudumu: majani hukauka baridi ikiingia, lakini shina lililotambaa chini ya mawe hubaki hai na kuchipua tena theluji ikiyeyuka. Njegere tunayokula huzaa mara moja ikafa. Vavilovia ni kammea kafupi, jani lake lina vijani viwili tu, na mahali ambapo njegere ya kawaida huwa na vijiuzi vya kujizongea pameishia kwenye kincha kidogo. Hakihitajiki kitu cha kujizongea, maana huko iliko hakuna cha kukwea. Maua ni ya waridi kuelekea zambarau, na hilo neno formosa ni la Kilatini, maana yake nzuri.

Makao yake ni miteremko ya kokoto na mawe yaliyolegea, kuanzia mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari mpaka karibu 3,500. Inapatikana Kaukazi, yaani Armenia, Azabajani, Georgia na Dagestan upande wa Urusi, kisha Uturuki, Irani, Iraki, Syria na Lebanoni. Ukiyasoma majina hayo utadhani imeenea sana. Ukweli ni kwamba iko kwa vipande: kamlima haka kana kipande chake, kisha unavuka mabonde mengi bila kuiona, mpaka kilele kingine chenye mawe ya namna ile ile. Nchini Armenia, kwa mfano, vavilovia iko kwenye milima ya Geghama na kule Syunik, kusini. Hapo katikati mmea wa baridi kali hauwezi kuishi, kwa hiyo kila kilele ni kama kisiwa.

Aliyeieleza kisayansi kwanza ni mtaalamu wa mimea Christian von Steven, mwaka 1812, akaiweka katika kundi lingine la jamii ya kunde. Mtaalamu mwingine, Alefeld, akaihamishia kwenye kundi la njegere mwaka 1861. Mwaka 1939 Fedorov akaipa kundi lake yenyewe, akalipa jina la Nikolai Vavilov, Mrusi aliyezunguka dunia akikusanya mbegu za mazao na ndugu zao wa porini. Mwaka uliofuata Vavilov alikamatwa na serikali ya Stalin, na Januari 1943 akafia gerezani Saratov. Wakati huo Leningrad ilikuwa imezingirwa, na baadhi ya wafanyakazi wa taasisi yake iliyokuwa mjini humo walikufa kwa njaa huku wakilinda mbegu ambazo wangeweza kuzila.

Sasa tazama kinaya. Mmea uliopewa jina la mtu wa hazina ya mbegu ndio usiotaka kuhifadhiwa kwa njia ya hazina ya mbegu, yaani ghala la baridi la kuwekea mbegu. Kuziweka mbegu kwenye baridi si kazi kubwa. Lakini mbegu za akiba huzeeka, na kila baada ya muda lazima zipandwe ili zivunwe mpya. Hapo ndipo vavilovia inapogoma. Ishushe bondeni kwenye udongo mzuri wa bustani na joto, na mara nyingi itadhoofika ife kabla ya kutoa ganda. Watafiti wamejaribu kuikuza kwenye bustani ya mimea ya Yerevan, na wengine kwenye chupa za maabara. Majaribio ya kuizalisha na njegere ya shambani nayo hayajampa mkulima njegere ya kudumu.

Kwa hiyo maneno mawili ambayo vitabu huyaweka bega kwa bega, uhifadhi wa mahali pa asili (mmea ukilindwa pale unapoota) na uhifadhi wa nje ya asili (kwenye hazina ya mbegu au bustani), hapa hayana uzito sawa. La kwanza ndilo linalobeba mzigo. Maana yake ni kulinda miteremko yenyewe, kuwazuia kondoo wa malisho ya kiangazi wasiitafune ikiwa na maua, na kufuatilia kama joto linaisukuma juu. Mmea ulio karibu na kilele hauna pengi pa kukimbilia juu.

Hata kuihesabu ni kazi. Unaweza kukuta machipukizi hamsini yametapakaa kwenye kokoto ukaandika mimea hamsini, kumbe chini ya mawe yote yanatoka kwenye shina moja.