Mtoto mdogo ni bure: bure ya nini hasa?

Nimeulizwa tena wiki hii, na safari hii najibu hapa ili nikiulizwa mara nyingine nitume linki tu. Swali mnalijua: "Mtoto wetu ana mwaka na nusu, yeye ni bure si ndio, kwa hivyo tukienda Mombasa saa hii si tutatumia pesa kidogo?" Kazi yangu ni kupangia familia safari, nyingi zina watoto wa pampasi, na hili swali linanichosha kwa sababu anayeuliza ameshafanya hesabu yake nyumbani. Ametoa mtoto, akabaki na watu wazima wawili, bajeti ikatoshea. Halafu wanarudi Nairobi wamechoka kuliko walivyotoka, pesa imepita kabisa ile waliyopanga, na wanaanza kutangazia marafiki kwamba kusafiri na mtoto mdogo haiwezekani. Inawezekana, tena kwa pesa ya kawaida! Lakini haiwi rahisi kwa sababu mtoto hakukatiwa tiketi.

Ukisikia mtoto ni bure, elewa kwamba mtoto hana kiti, hana kitanda na hana sahani. Basi. Hivyo vitu bado atavihitaji, na utavinunua baadaye, ukiwa umechoka, kwa bei ya mtu asiye na chaguo.

Anza na ndege. Ambaye hajatimiza miaka 2 anapakatwa, na hata huyo kwa mashirika mengi si bure, analipiwa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima na ushuru juu yake. Umri unaoangaliwa ni wa siku ya kusafiri, kwenda kivyake na kurudi kivyake, kwa hivyo akitimiza miaka 2 mkiwa Diani, ya kurudi anataka kiti chake na nauli yake. Bebeni cheti cha kuzaliwa, msibishane na mtu kaunta. Kuhusu kumpakata kwenyewe, hapo sina jibu safi na sitajifanya ninalo. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inaruhusu lakini hapo hapo inashauri mtoto awe na kiti chake, manake ndege ikitikisika vibaya mikono ya mzazi haimshiki. Ni kweli. Lakini nauli ya kiti cha tatu ndiyo inayofanya familia nyingi ziache ndege zichukue gari, na barabara ya Mombasa na yale malori yake inaniogopesha kuliko hiyo mitikisiko. Kila mara nikimshauri mtu hapa nabaki na wasiwasi.

Treni ya SGR ni nafuu na ndiyo ninayopendekeza mara nyingi. Chini ya miaka 3 hawalipi, wa 3 hadi 11 wanalipa nusu, na tangu Januari 2024 nauli ya Nairobi mpaka Mombasa ni shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza. (Ndugu zetu wa Tanzania kwenye SGR yao ya Dar na Dodoma, bure ni chini ya miaka 4.) Sasa huyo asiyelipa anakaa wapi? Mapajani, saa tano au sita, daraja la kawaida mmeangaliana na watu msiowajua na meza katikati. Wazazi wa mtoto aliyeshaanza kukimbia huwa nawaambia wanunue tiketi ya nusu, shilingi 750, hata kama hawalazimishwi. Wananiangalia kama nimetaka kuwaibia. Hiyo 750 ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote kwenye hiyo safari.

Ila kinachonikera kabisa ni treni ya usiku. Kuna mtu mahali fulani aliwaambia wazazi wa nchi hii kwamba treni ya saa nne usiku ndiyo ya watoto, ati mtoto atalala njia nzima na mtaokoa usiku mmoja wa hoteli. Hebu tuifuate. Kutoka unakoishi mpaka Syokimau, kituo cha SGR cha Nairobi, unatakiwa ufike kama saa moja kabla, kwa sababu ya foleni ya kukagua mizigo, kwa hivyo usingizi wake wa saa mbili usiku umeshakatwa. Anaamshwa, anapita kwenye mataa na watu na mbwa wa kunusa mizigo, anachangamka. Ndani, viti vya daraja la kawaida mgongo haulali nyuma, mnakaa wima njia nzima. Ikifika saa saba usiku ndio hatimaye amelala, na saa tisa na nusu mko Miritini, kituo cha Mombasa, mnamwamsha tena. Chumba ulicholipia kinafunguliwa saa nane mchana! Kwa hivyo ama unalipa usiku wa ziada ili uingie alfajiri, yaani ule ule uliosema umeokoa, ama mnakaa kwenye viti vya mapokezi na mtoto anayelia mpaka jua litoke, halafu siku nzima ya kwanza inapotea na ya pili inaanza na nyinyi wawili mkigombana. Nimeeleza hii kitu kwa meseji, kwa simu, kwa sauti za WhatsApp, na bado mtu anakata ya usiku. Kateni ya saa mbili asubuhi jamani. Inasimama vituo vingi, sawa, lakini mtoto ana madirisha ya kuangalia, usingizi wake wa mchana unaingia mkiwa njiani, na mnafika kama saa nane, wakati chumba kinafunguliwa. Na kama mnaenda Diani hamhitaji tena kupanga foleni ya feri Likoni, barabara ya Dongo Kundu inawatoa Miritini mpaka upande wa kusini.

Hiyo ya treni inanipeleka kwa jambo lenyewe ninalotaka kusema. Na mtoto mdogo, pesa inakwenda kwenye kuhama. Kila ukibadilisha mahali pa kulala unanunua teksi, unanunua chakula cha njiani, unasahau kitu unanunua kingine, unapoteza usingizi wake wa mchana na jioni mnanunua amani kwa bei yoyote. Watu wananiletea ratiba ya siku tano yenye Voi, Mombasa, Watamu na Malindi, na mtoto wa miaka miwili ndani. Mimi naikata inabaki mahali pamoja. Wananiambia "lakini tutakuwa tumeona nini?" Mtoto wa miaka miwili akipewa mchanga, maji na ndoo amemaliza, na nyinyi mtapumzika.

Mahali pa kulala sasa. Pakeji ya hoteli ya kila kitu ndani, chakula na vinywaji, mtoto bure. Inavutia, najua. Lakini hiyo bei ya watu wazima wawili imewekewa buffe tatu, baa na burudani za usiku, na nyinyi saa moja na nusu jioni mtakuwa mmejifungia kwenye chumba kimoja, taa imezimwa, mnanong'onezana kwa sababu mtoto amelala mita moja kutoka kwenu. Mnalipia usiku ambao hamtauona. Na mkija na dada wa kumsaidia mama, au nyanya yake mtoto, huyo ni mtu mzima wa tatu kwenye bili, mara nyingi na chumba chake.

Kwa hivyo kotiji. Pwani nyumba nyingi za kupanga zinakuja na mpishi, au anapatikana kwa malipo ya siku, na hili watu wa bara wengi hawalijui. Asubuhi unampa pesa ya soko, au mvuvi anapita getini na samaki, mchana kuna wali wa nazi na mtoto amekula chakula laini kisicho na pilipili kwa saa yake, si saa ya buffe. Vyumba viwili vya kulala na sebule: mtoto analala, nyinyi mnakaa nje mnaongea kama watu. Mkienda familia mbili mnagawana na inashuka zaidi. Msichukue ya ufukweni kabisa, chukueni ya safu ya pili, mtembee dakika tano na mtoto mgongoni kwa leso. Vigari vya watoto acheni nyumbani, kwenye mchanga havisukumiki. Na ufuo wenyewe hauuzwi, hoteli inauza njia ya kupitia ndani yake tu, ndio maana kuna njia za umma.

Dada mliyekuja naye mpeni siku yake na pesa yake mkononi. Naye amekuja pwani.

Halafu kuna punguzo la kweli ambalo mnalo sasa hivi na hakuna anayeniuliza: kalenda. Mtoto wenu hajaanza shule! Akishaingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, na miaka yake minne mtafungwa na Aprili, Agosti na Desemba kama kila mtu, na hiyo ndiyo miezi bei inapanda na tiketi za treni zinakwisha. Sasa hivi mnaweza kwenda Jumatatu mkarudi Ijumaa, katikati ya muhula. Mimi napenda kuanzia katikati ya Septemba mpaka Oktoba, upepo wa kusi umepungua nguvu na joto halijawa kali. Februari bei nazo ni nzuri na kwa upepo wa kaskazi bahari inatulia, lakini joto lake linamtoa mtoto mchanga vipele na usiku halali. Mei ndiyo bei ya chini kabisa na watu hunishawishi niwapeleke, huwa nasita: masika, na mwani umejaa ufuoni. Kuna familia zimeenda Mei zikafurahi sana, kwa hivyo pengine mimi ndiye mwenye woga.

Mkishajua mtaenda mwezi gani, angalieni mwezi wa angani kabla ya kuchagua wiki. Hapa ndipo maajenti hawaendi, na ndipo siku ya mtoto inapoamuliwa. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mwandamo au mpevu na siku mbili tatu baada yake, pwani yetu maji yanakupwa sana kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, inageuka, asubuhi kumejaa. Kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Mtoto mdogo bahari yake ni asubuhi, ameamka saa kumi na mbili, jua likianza kuchoma saa nne na nusu lazima awe kivulini. Kwa hivyo wiki ya bamvua, Diani, Nyali au Kanamai, asubuhi ile maji yakienda yanaacha vidimbwi kwenye mwamba, maji ya vuguvugu ya kufika magotini, hakuna mawimbi, kuna kaa na samaki wadogo, na hamjalipa kitu. Wiki ya maji mafu maji ya asubuhi yako juu na mzazi anasimama na wasiwasi muda wote, mwishowe wanataka hoteli yenye bwawa. Mvisheni viatu vya mpira kwa sababu ya wale viumbe wa baharini wa miiba mirefu myeusi, na msigeuze macho hata kwa vidimbwi.

Afya nitapita haraka kwa sababu kliniki wanaeleza vizuri kuliko mimi. Pwani kuna malaria na mtoto wa Nairobi hana kinga nayo: neti, na dawa ya kujikinga inategemea uzito wake, ulizeni kabla. ORS na zinki nunueni kwa kemia ya mtaani kwenu. Akipata homa wiki chache baada ya kurudi, apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Mbuga? Mageti mengi mtoto mdogo kweli halipi, lakini pesa ya mbuga iko kwenye gari, na gari linalipwa kwa siku awe amelala au analia. Akitaka kuona wanyama mkiwa Mombasa, Haller Park pale Bamburi mnatembea kwa miguu, kuna kobe wakubwa, na kwa saa za kulisha mtoto anampa twiga chakula kwa mkono wake.

Sasa mkiniandikia, msianze na umri wake. Niambieni analala mchana saa ngapi, kama bado ananyonya, nani mwingine anakuja, na kama kazini watawaruhusu katikati ya wiki. Nikiwa na hayo manne naweza kuwapa bei.