Ubalozi Utakuuliza Wewe ni Nani: Huduma za Kikonseli kwa Wasafiri wa Kanda ya Ziwa

Kila tunapokutana na wananchi wa Mwanza kuzungumzia safari za nje ya nchi, iwe mjini Nyamagana au kwenye mialo ya Ukerewe, hakosi mtu wa kusimama na kuuliza ubalozi una kazi gani, maana ndugu yake alikwama ughaibuni na ubalozi haukumsaidia kitu. Tukimsikiliza hadi mwisho, mara nyingi tunakuta kwamba ubalozi ulikuwa ukisubiri uthibitisho kuwa anayeomba msaada ni Mtanzania. Uthibitisho wenyewe ulikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama yake, Sengerema, na pale nyumbani hakuna aliyejua kuwa unatafutwa.

Huduma za kikonseli, yaani msaada ambao ubalozi au konseli humpa raia wa nchi yake akiwa ugenini, zina msingi wake katika Mkataba wa Vienna kuhusu Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963, ulioanza kutumika mwaka 1967. Ibara yake ya 5 inataja kazi za konseli, zikiwamo kulinda maslahi ya raia wa nchi yake, kuwapatia pasipoti na hati za safari, kuthibitisha nyaraka na kusaidia katika masuala ya mirathi. Ubalozi huwa katika mji mkuu wa nchi, ilhali konseli kuu huwekwa kwenye mji wenye biashara au Watanzania wengi, kama ilivyo Dubai, Jeddah, Guangzhou, Lubumbashi na Mombasa. Ubalozi mmoja pia huweza kuwakilisha nchi kadhaa, kwa hiyo anayekwenda nchi isiyo na ubalozi wetu aulize Wizara ya Mambo ya Nje mapema ni upi unaomhusu, kwa sababu kuitafuta taarifa hiyo ukiwa umelazwa hospitali ya ugenini ni shida juu ya shida.

Wengi wakisikia neno ubalozi hufikiria ndege, lakini kwa watu wa kanda hii safari ya kuvuka mpaka inaweza kuanza kwa mtumbwi. Tanzania ina karibu nusu ya Ziwa Victoria, Uganda inaifuata, na Kenya ina takriban asilimia 6. Hata hivyo majini hakuna uzio wa kumwonyesha mvuvi mahali nchi yake inapoishia. Injini ikizimika usiku na upepo ukamsukuma, kunaweza kumkucha akiwa mikononi mwa doria ya nchi jirani, hana pasipoti, simu imelowa, na wavuvi wenzake wanamjua kwa jina la utani tu. Ofisa wa ubalozi wetu Nairobi au Kampala akipata habari zake hawezi kumsemea kama raia wetu kabla ya kujiridhisha kuwa ni raia wetu kweli, na lugha haimsaidii katika hilo, kwa kuwa Kiswahili kinazungumzwa pande zote na Kijaluo cha Rorya kinafika hadi Homa Bay. Kinachoharakisha kazi hapo ni namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), zile tarakimu 20 zinazoanza na tarehe ya kuzaliwa, pamoja na barua ya ofisa mtendaji wa kijiji na maelezo ya BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ya mwalo aliotokea yenye namba ya usajili wa chombo. Hivi vyote hupatikana nyumbani. Mvuvi aliyemwachia mkewe namba hizo kwenye kipande cha karatasi amejipunguzia siku kadhaa mahabusu.

Nieleze pia jambo linalowakwaza wasafiri wa mabasi ya Sirari na Mutukula. Utaratibu wa kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa pekee ni wa Kenya, Uganda na Rwanda; Mtanzania anatakiwa awe na pasipoti au Hati ya Dharura ya Safari, ambayo hutolewa na Idara ya Uhamiaji kwa safari fupi. Anayevuka kwa njia za panya, hata kama anakwenda msibani tu, akipata matatizo huko mbele atahesabiwa kwanza kuwa ameingia nchini kinyume cha sheria, na ubalozi hauna uwezo wa kulifuta kosa hilo.

Ukikamatwa, Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna inazitaka mamlaka zikujulishe bila kuchelewa kwamba una haki ya kuomba ubalozi wa nchi yako uarifiwe. Nasisitiza neno kuomba. Katika nchi nyingi, usipoomba, ubalozi hauarifiwi, na wengi wetu hunyamaza kwa aibu au kwa kuhofia kwamba serikali ya nyumbani nayo itaongeza adhabu. Ujerumani iliishtaki Marekani katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa sababu ndugu wawili, raia wake, walihukumiwa kifo Arizona bila kuarifiwa haki hiyo kwa wakati. Mwaka 2001 mahakama iliamua kwamba Marekani ilikiuka ibara hiyo, na kwamba haki hiyo ni ya mtu mwenyewe na si ya dola yake pekee. Uamuzi huo ulikuja wakati ndugu wote wawili walikuwa wameshauawa tangu mwaka 1999. Kwa hiyo maneno ya kukariri ni mafupi: "Mimi ni Mtanzania, naomba ubalozi wangu uarifiwe." Baada ya hapo ofisa konseli anaweza kukutembelea, kuwaarifu ndugu zako, kukuelekeza kwa mawakili wa huko na kufuatilia kama unatendewa sawa na mahabusu wengine. Hawezi kukutoa rumande, kumwamuru hakimu, kukulipia wakili wala kukulipia faini. Ni vyema familia zilijue hilo kabla ya kumtupia lawama.

Upande wa pasipoti, kinachotuchosha zaidi ni majina. Mtu amepewa jina la asili na bibi yake, akabatizwa jina lingine, shuleni mwalimu akaliandika anavyolisikia, cheti cha kuzaliwa kikatafutwa baadaye RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa jina la tatu, na NIDA ikabeba la nne. Akiwa Mwanza haoni tatizo, maana wote wanamfahamu. Siku atakapoibiwa pasipoti Johannesburg na kufika ubalozini Pretoria akiwa na ripoti ya polisi, ofisa ataweka mbele yake nakala alizotumiwa kwa simu, moja ina herufi R mahali ambapo nyingine ina L, tarehe za kuzaliwa zimepishana mwaka mmoja, na picha ya cheti imepigwa kwenye mwanga hafifu kiasi kwamba muhuri hausomeki. Ofisa akisita kumpa pasipoti nyingine hapo, si ukatili, kwa sababu pasipoti ya Tanzania ikitolewa kwa asiye Mtanzania huwezi kuirudisha kwa kuomba radhi. Majina yanarekebishwa kwa urahisi zaidi ukiwa hapa, kwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina kupitia kwa wakili, kuliko ukiwa kwenye foleni ya ugenini. Tangu pasipoti ya kielektroniki ianze mwaka 2018, mwombaji hulazimika pia kuchukuliwa alama za vidole ana kwa ana, kwa hiyo usitegemee kumtuma rafiki. Kama unachohitaji ni kurudi nyumbani tu, omba hati ya dharura ya safari, kwa sababu hupatikana haraka zaidi.

Mtoto aliyezaliwa nje ni Mtanzania kwa kurithi iwapo mmoja wa wazazi ni raia ambaye naye hakuupata uraia wake kwa kurithi. Tunza cheti chake cha kuzaliwa cha huko na ukipeleke ubalozini kabla hamjarudi.

Wasichana wanaokwenda kufanya kazi za ndani Oman na nchi nyingine za Ghuba wanahitaji neno la pekee. Mwajiri akikaa na pasipoti yako, nakala yake pamoja na nakala ya mkataba wa kazi ndivyo vitakavyozungumza kwa niaba yako, na nakala hizo zikae kwa mtu aliyebaki Magu au Misungwi, si kwenye simu ambayo mwajiri anaweza kuichukua. Anayekuahidi kukusafirisha kwa viza ya matembezi ukafanye kazi anakuondolea ulinzi wote kabla hujapanda ndege.

Msiba nao una utaratibu wake, nao huwaumiza watu kwa kuwa huwakuta katikati ya kilio. Ili mwili usafirishwe kutoka nje, kunahitajika cheti cha kifo cha nchi husika, cheti cha kuhifadhi mwili kwa dawa, uthibitisho kwamba ndani ya jeneza hakuna kingine, na pasipoti ya marehemu, ambayo ubalozi huifuta. Gharama hubebwa na familia, bima, mwajiri au jumuiya ya Watanzania wa mji ule. Ubalozi hushughulikia nyaraka na mawasiliano. Familia imchague mtu mmoja wa kuzungumza na ubalozi. Shangazi akisema azikwe huko huko na kaka mkubwa akasema aletwe, ofisa hana mamlaka ya kuamua ugomvi huo, na mochwari inaendelea kudai kila siku inayopita.

Mapigano yalipozuka Khartoum Aprili 2023, Watanzania, wengi wao wanafunzi, waliondolewa kwa njia ya barabara kupitia Ethiopia na kurejeshwa nyumbani. Katika hali kama hiyo ubalozi huanza na orodha: nani yuko wapi na anapatikana kwa namba gani. Mwanafunzi ambaye hakujiandikisha, au aliyebadili laini bila kutoa taarifa, hutafutwa kwa kuuliza wenzake. Kujiandikisha ubalozini ukifika ni kazi ya dakika chache. Andika pia namba ya ndugu wa nyumbani inayopokelewa, maana tumekutana na fomu zenye namba ya kaka ambayo haijapatikana kwa miaka.

Kwa mlio nyumbani, mkipiga simu zingatieni saa na siku za kule, kwa kuwa balozi zetu kwa kawaida hufuata wiki ya kazi ya nchi zilipo. Muscat hupumzika Ijumaa na Jumamosi na kufanya kazi Jumapili. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo anayesubiri amalize shughuli za soko la samaki la Mwaloni hadi saa tisa alasiri ndipo apige, kule ni saa mbili usiku na ofisi imeshafungwa.