Albamu ya pop yenye damu ya blues: uzito wa faili si utamu wa sauti

Mfano wetu ni Continuum ya mwanamuziki wa Marekani John Mayer, ya mwaka 2006. Ni pop, ila gitaa lake ni blues tupu (muziki wa Wamarekani weusi wa kusini), Steve Jordan akiwa kwenye ngoma na Pino Palladino kwenye besi. Mashabiki wake hapa Mbeya wanaisaka katika faili za 24/96 (sauti hupimwa mara 96,000 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 24), na maneno ni mengi kuliko muziki.

Dhana: Faili zito ndilo bora.
Wimbo wa dakika nne kwa MP3 ya kbps 320 (kilobiti kwa sekunde) hauzidi MB 10. Kwa 24/96 isiyobanwa unakaribia MB 140, na FLAC, aina ya faili linalobana data, huupunguza bila kupoteza kitu. Sasa, ukienda kuwekewa nyimbo kwenye flash pale Mwanjelwa, unaweza kupewa MP3 iliyogeuzwa FLAC. Flash inajaa, lakini kilichotupwa wakati wa kutengeneza MP3 hakirudi.

Dhana: 96 kHz inafichua ambayo CD inaficha.
Sikio, hata la kijana, huishia karibu kHz 20, na CD inafika huko. Biti zake 16 zinabeba takriban dB 96 (desibeli) kutoka mnong'ono hadi kishindo. Chumba cha Soweto hapa Mbeya chenye bajaji dirishani hakiwezi kuzitumia zote. Biti 24 zina faida zaidi kwa anayerekodi studio. Toleo la 24/96 likikupendeza zaidi, mara nyingi ni kwa sababu fundi aliliandaa upya bila kubana tofauti ya sauti ndogo na kubwa ili lipige kelele. Hapo ndipo blues inapoponea: gitaa linanong'ona, nota inavutwa, kisha linalia. Tofauti hiyo ikibanwa, mnong'ono na kilio vinakuwa kimo kimoja.

Dhana: Bluetooth haipunguzi kitu.
Inapunguza. Hata LDAC, njia ya Bluetooth ya kutuma sauti ya ubora wa juu, kwa kbps 990 haibebi 24/96 nzima. Tumia waya.

Dhana: Sabufa ikitikisa kabati, besi imekolea.
Hiyo ni kona ya chumba inaunguruma. Isogeze sabufa mbali na kona, punguza kitufe cha besi, kisha sikiliza usiku wa Juni, baridi ikiwa imeshafunga madirisha ya jirani. Utaanza kusikia kidole kinapogusa uzi.

Dhana: Blues ni kilio tu.
Huko Mississippi, kusini mwa Marekani, watu waliicheza dansi Jumamosi usiku.

Ukitaka kujihakikishia, geuza faili lako la 24/96 liwe 16/44.1 (kiwango cha CD), mwambie rafiki akubadilishie huku umefumba macho. Ukishindwa kutofautisha, baki na dogo; bando linalookolewa linatosha albamu nyingine.