Mlango Usiojua Kama Umefungwa

Msimu wa kusi uliopita niliitwa kwenye nyumba moja ya wageni Lamu, ndani ya Mji wa Kale. Lalamiko lilikuwa kwamba king'ora cha mlango hakilii tena. Nikaegemeza ngazi, nikamulika tochi juu ya fremu, nikaona kisumaku kidogo kimebandikwa kwa selotepu juu ya sensa, kile kifaa kinachohisi kama mlango umefungwa. Mlango uko nusu wazi, upepo unaingia, na pale mapokezi kompyuta inaonyesha mlango umefungwa.

Bawabu hakuficha. "Fundi, mimi ndiye niliyeiweka. Kilikuwa kikilia usiku kucha. Mgeni akisimama kuaga, kinalia. Punda wakishushwa mizigo, kinalia. Lawama zote zikawa zangu."

"Kuchoka hukukosea, mzee," nikamwambia. "Aliyekosea ni aliyepanga muda."

Muda ulikuwa umeachwa sekunde 10. Yaani mlango ukikaa wazi zaidi ya hapo, kelele. Katika mji usio na magari, ambako masanduku yanatoka jeti kwa mkokoteni au punda, nani anaingiza mizigo kwa sekunde 10? Nikaweka sekunde 60 mchana na 25 usiku. Kabla ya king'ora chenyewe nikatanguliza mlio mdogo wa pale pale mlangoni, ili aliye karibu ausukume mlango bila kuamsha nyumba nzima. King'ora kinacholia kwa kila jambo hufundisha watu kutokisikiliza, na bawabu aliyechoka atatafuta sumaku.

Tatizo hili nalikuta sana. Watu hudhani paneli, yaani kisanduku kinachoendesha kadi na kufuli, inaujua mlango. Paneli inajua stima tu: kadi imesomwa, rilei (swichi inayoendeshwa na stima) imebonyea, kufuli limeachia. Kama mlango umefunguliwa kweli, au umerudi kufungwa, haijui mpaka sensa iiambie. Sensa ni vipande viwili, swichi kwenye fremu na sumaku kwenye ubao, na vikiachana sentimita mbili hivi nyingi huhesabu mlango umefunguka. Hapa pwani mbao hufura wakati wa masika na kunywea wakati wa kaskazi. Ukiviweka ukingoni mwa umbali huo mwezi wa Januari, ifikapo Mei utapokea simu. Na mlango wa mbao mbili unataka sensa kwenye kila ubao, zikiunganishwa kwa mfululizo, la sivyo ubao mmoja utakuwa haulindwi na mtu asijue.

Kuna kengele mbili ambazo wengi huzichanganya. Moja ni ya mlango uliokaa wazi mno, hiyo niliyoieleza. Ya pili ni ya mlango uliofunguliwa kwa nguvu: sensa inasema umefunguka, na paneli haina habari ya kadi wala ya mtu anayetoka. Hii ndiyo ya kuamka nayo saa nane za usiku. Lakini nimeikuta ikilia kila mfanyakazi anapotoka jikoni, kwa sababu fundi aliyetangulia alipitisha waya wa kitufe cha kutokea moja kwa moja kwenye kufuli. Kufuli linaachia vizuri, mtu anatoka, na paneli inaona mlango umefunguka bila sababu. Kitufe hicho lazima kiingie kwenye paneli, paneli ndiyo iachie kufuli, na kengele ya nguvu inyamaze kwa muda huo.

Kitufe cha dharura ni kinyume chake. Kile kisanduku cha kijani chenye kioo cha kuvunja hakitakiwi kuiomba paneli ruhusa. Kinakata waya wa stima unaokwenda kwenye kufuli, kwa mkono, hata programu ikiwa imeganda. Mimi hutumia chenye jozi mbili za mguso: moja ikate stima, nyingine iijulishe paneli. Kama jengo lina mfumo wa kengele ya moto, nao pia uikate stima hiyo. Katika jambo hili sipatani na mwenye nyumba yeyote anayeogopa wizi kuliko moto.

Hapo ndipo swali kubwa linapoingia: stima ikipotea, mlango huu ufanye nini? Kufuli la sumaku huachia, kwa maana linashika kwa stima tu. Kufuli la ulimi wa chuma, lile la aina ya kubana, hubaki limefunga, na linahitaji stima ili liachie. Mlango wa kutokea watu wengi mimi huuwekea la kuachia. Stoo huiwekea la kubana, ila kwa ndani kuwe na kitasa cha kawaida kinachofunguka kwa mkono bila kadi wala stima, asije mtu akafungiwa na magunia ya mchele. Mwenye nyumba aulizwe mlango mmoja mmoja. Kuuliza "mfumo mzima" ni kukwepa kazi.

Betri nayo ina hesabu yake. Sumaku ya kushika kilo 280 hula takribani nusu ampea kwa volti 12. Ongeza paneli na kisoma kadi, tuseme tumefika ampea 0.8. Betri ya 7Ah (ampea-saa saba), ile ndogo iliyozoeleka, kwenye karatasi inakupa karibu saa tisa. Kwa joto la Malindi, ikishamaliza miaka miwili ndani ya kisanduku cha chuma, mimi huhesabu nusu yake. Usisahau diodi, kile kipande kinachopitisha stima upande mmoja tu, kwenye kufuli, ya 1N4007 inatosha, ukizingatia upande wake, maana bila hiyo kila kufuli linapoachia hurudisha mshtuko unaokula midomo ya rilei.

Kuna na kile kibati kinachokutana na sumaku. Kina mpira nyuma, na mafundi hukikaza mpaka mpira ufe. Kiache kicheze kidogo, kijilaze chenyewe juu ya sumaku. Chumvi ya bahari ikiota kutu katikati, hata unene wa karatasi, nguvu ya kushika inashuka sana. Kitambaa kikavu kila wiki kinatosha.

Mlango wa mbele wa kuchonga sikuugusa. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, na hata usingekuwako, mfaa, ule mhimili wa katikati ya mlango, wenye maua ya fundi wa zamani hautobolewi kwa skrubu za kufuli. Ule ulibaki na komeo lake. Vifaa vyangu vilikaa kwenye mlango wa ndani, baada ya daka (ukumbi mdogo wa kuingilia), ambao ni ubao wa juzi tu.

Jioni nilizima stima ya nyumba nzima, mwenye nyumba akiwa amesimama nami. Tukapita mlango kwa mlango, tukatoka kwa mkono, tukavunja kioo, tukarudisha. Mwisho, muda wa usiku ukiwa umeanza, yule mzee bawabu akavua kiatu kimoja akakiweka kizingitini, mlango ukabaki wazi, tukawa tunahesabu pamoja kwa sauti. Kwenye 15 ukaanza mlio mdogo. Kwenye 25 kikalia. Akainama akakichukua kiatu, mlango ukajifunga, kikanyamaza, na kwenye skrini ya mapokezi saa na dakika zikaandikwa sawasawa.