Mtoto yuko la nne na hajui kusoma: kabla hujalipia twisheni nyingine

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kwa Mrombo, hapa Arusha, kaja kwangu na madaftari manne ya mwanae kwenye kikapu. Mtoto yuko darasa la nne. Mama anauza mboga soko la Kilombero na kila siku ya shule anatoa 1,000 ya twisheni, siku tano kwa wiki, yani kama 20,000 kwa mwezi, toka mtoto yuko la pili. Nikafungua daftari, mwandiko safi kabisa, nikamwambia mtoto haya nisomee mstari mmoja tu, wowote unaoupenda. Akainama. Kumbe miaka yote hiyo alikua ananakili ubaoni, anachora herufi kama mtu anavochora nyumba au mti, na mwalimu anaweka vema. Mama yake akaanza kulia palepale na mi niliumia sana, maana hii sio mara ya kwanza naiona.

Mi nimesomea elimu maalumu hapo chuo cha Patandi, Tengeru, na kazi yangu kubwa saivi ni watoto wa hivi. Ninachotaka mzazi ajue ni kwamba hela ya yule mama haikua ndogo, ilienda sehemu isiyo yake. Twisheni ya kawaida inarudia kilekile cha asubuhi kwa mwendo uleule, watoto thelathini kwenye banda moja. Mtoto mwenye disleksia, yani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika, hata umrudie mara mia kwa njia ileile hapati, kwasababu yeye amekwama chini kabisa, kwenye kuunganisha sauti na herufi, na wenzake walishapita hapo zamani.

Kiswahili chetu kinaficha hili tatizo. Silabi zetu zinasomeka vilevile zinavoandikwa, ba ni ba popote uendapo, kwahiyo mtoto anaweza kujikongoja la kwanza na la pili, baba, kuku, meza, kila mtu anasema anasoma. Halafu yanakuja maneno marefu, hawakunisomesha, tulivyowapelekea, na zile nywa, mbw, ng', chw, hapo anasoma mwanzo wa neno halafu mwisho anakisia. Anasoma taratibu mno mpaka akifika mwisho wa sentensi kashasahau mwanzo wake. Akiandika anaruka silabi ya katikati, b na d bado zinamchanganya wakati wenzake washaziacha. Ila angalizo: mtoto wa huku kwetu kuandika kalamu kama karamu peke yake sio dalili, hiyo ni lafudhi ya nyumbani, wengi tumekua nayo. Na disleksia sio ulemavu wa akili. Unakuta mtoto huyohuyo anakumbuka chenji za wateja wote wa mama yake.

Kabla ya mwalimu yeyote, mtoto apimwe masikio na macho kwanza. Nimeshaletewa mtoto anaitwa mzito wa kuelewa, kumbe sikio linatoka usaha miaka miwili na hasikii nusu ya anachoambiwa. Kwa Arusha anzia hospitali ya Mount Meru, kwa Moshi kuna hospitali ya KCMC. Usiruke hii hatua hata kama unaona mtoto anasikia vizuri tu.

Sasa mwalimu unampata wapi kwa bei ya kawaida. Watu wengi hawajui kwamba Patandi ni chuo cha serikali cha ualimu wa elimu maalumu na kiko hapohapo barabara ya kwenda Moshi, unapanda kifodi (daladala) cha Tengeru unafika. Kuna wanaosoma pale ambao ni walimu kabisa, wamefundisha madarasa ya kawaida wakarudi kusoma. Nenda siku ya kazi asubuhi, beba daftari la mtoto, omba uelekezwe kwa mwalimu aliehitimu anaeishi karibu na mtaani kwako. Na muulize amebobea nini, hapa ndo watu wanakosea, wanasikia elimu maalumu wanadhani ni kitu kimoja. Kuna aliesomea wasioona, kuna wa viziwi, kuna wa ulemavu wa akili, wote ni wazuri kwenye eneo lao, ila wewe unatafuta anaejua kumfundisha mtoto aliekwama kusoma. Mwambie nieleze utamfundishaje mtoto asiejua kuunganisha silabi. Akikuambia atampa mazoezi mengi, mshukuru uondoke.

Bei, mi nafanya hivi. Sichukui mtoto mmoja mmoja kama mzazi hana uwezo, natafuta watatu waliokwama sehemu moja, tunakaa saa moja, wazazi wanachangia 12,000, kila mmoja 4,000. Mara moja kwa wiki inakua 16,000 kwa mwezi, chini ya ile aliyokua anatoa yule mama. Sehemu ya kukaa tunaomba, chumba cha Sunday school usharikani kinakaa tupu jioni za katikati ya wiki na hatujawahi kudaiwa hata mia.

Ila saa moja kwa wiki peke yake haitoshi, nasema ukweli, kwahiyo sharti langu ni mzazi au dada mkubwa akae ndani kipindi kizima aone navofanya, halafu nyumbani dakika 15 kila siku. Sio saa nzima, na sio usiku mtoto ashachoka. Vifaa ni vya hapohapo: sinia lenye unga au mchanga mkavu, mtoto anaandika herufi kwa kidole huku anaitamka kwa sauti, vizibo vya soda vimeandikwa silabi anavipanga kuwa neno, neno refu analipigia makofi, ha-wa-ku-ni-so-me-sha. Silabi mpya mbili tatu kwa wiki, basi, mpaka zikae. Mama mmoja asiejua kusoma vizuri aliifanya na mwanae na wote wawili wakasogea, mpaka leo nikimkumbuka nafurahi.

Mzazi mwenye mtoto wa hivi kwenye shule ya ingilishi midiamu, nakuomba umfundishe kusoma Kiswahili kwanza. Kiingereza herufi zilezile zinabadilika sauti kila neno, hata watoto wasio na shida wanahangaika, huyu wako unamtwisha mizigo miwili. Na anaekuuzia vidonge vya kuongeza akili au anakuahidi atasoma ndani ya mwezi, achana nae. Fimbo pia, fimbo haijawahi kumfundisha mtoto silabi, inamfundisha kujificha.

Shuleni usikae kimya. Mwone mwalimu mkuu, halafu ofisi ya elimu ya halmashauri uliza afisa wa elimu maalumu, hiyo ni bure. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto haki ya kusoma shule ya kawaida na kusaidiwa akiwa humo, kwahiyo ukiomba akae mbele, asisomeshwe kwa sauti mbele ya darasa bila kujiandaa, na maswali mengine aulizwe kwa mdomo, hauombi hisani.

Yule wa Kwa Mrombo tumeanza nae Jumanne na silabi chache. Nimemrekodi kwenye simu akisoma ukurasa mmoja wa kitabu cha la kwanza, nimeandika na dakika alizotumia. Baada ya wiki sita atausoma tena ukurasa uleule, mama yake akiwa amekaa pembeni.