Boriti za dakani na mtihani wa FE

Mpwa wangu alinikuta dakani, ukumbi wa mlangoni, kwetu Langoni, Lamu, juzi baada ya Alasiri, amebeba bunda la karatasi. Anamaliza shahada ya uhandisi wa ujenzi na macho yake yako Marekani. "Mjomba, fomula zote hizi nitazihifadhi vipi?" Nikamwambia azirudishe mkobani.

Kosa hilo nami nililifanya nilipokuwa kule. FE (Fundamentals of Engineering), mtihani wa kwanza kwa anayetafuta leseni ya uhandisi Marekani, haukutaki ukariri. Watungaji wake, NCEES, baraza la mitihani ya wahandisi la huko, wanakuwekea kitabu cha fomula kwenye skrini, kando ya maswali, na unatafuta humo kwa neno. Kitabu hichohicho unakipata bure kwao kabla ya mtihani. Mimi nilikipitia juujuu tu. Siku yenyewe nikapoteza dakika kumi nikisaka fomula kwa jina alilotufundisha mwalimu, kumbe kitabuni ina jina lingine.

Na dakika kumi ni nyingi. Maswali ni 110, muda ni saa tano na dakika ishirini, yaani hata dakika tatu hazitimii kwa swali.

Nikamwonyesha dari juu yetu, boriti za mikoko zimejipanga. "Mbona vyumba vya nyumba zetu za mawe ni vyembamba?"

"Boriti hazikuwa ndefu."

"Tuseme zingekuwa ndefu. Chumba cha mita 2.5 kiwe cha mita 5, mzigo wa kila mita uleule. Momenti ya kupinda, yaani athari ya mzigo ya kuipinda boriti, itaongezeka mara ngapi hapo katikati?"

"Mara mbili."

Nikamwandikia: wL²/8, w ni mzigo wa kila mita, L ni urefu wa boriti. Akaitazama, akacheka mwenyewe. Mara nne. Kubonyea kwake ndiko kubaya zaidi, kwa sababu kunafuata L⁴: boriti ya unene uleule itabonyea mara 16. Maswali mengi ya FE yako hivi; aliyeielewa fomula hata kalkuleta haigusi.

Kalkuleta yenyewe si yoyote tu. Kuna orodha: Casio fx-115 na fx-991 zimo, usiyoikuta humo iache nyumbani. Na jibu bovu halikatwi alama, kwa hiyo kuacha swali tupu ni uzembe.

Akaniuliza kama hapa kwetu ni vivyo hivyo. Sivyo. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya Kenya ya 2011, Bodi ya Wahandisi inakusajili kwa shahada yako kwanza, kisha unafanya kazi miaka isiyopungua mitatu ndipo ukabili mtihani wa tathmini. Kule FE huja mapema, wengi wakiufanya karibu na kuhitimu, halafu PE, mtihani wa pili wa leseni, baada ya uzoefu, aghalabu miaka minne. Mimi naona wao wamepatia: hesabu za msingi zipimwe zingali moto kichwani.

Jumamosi anarudi. Nimemwambia alete maswali kumi na saa: nusu saa, hakuna nyongeza.