Kumtambua kigong'ota wa Gila, na kuyasoma matundu yake kwenye saguaro

Wengi wanaomtafuta kigong'ota wa Gila (Melanerpes uropygialis) huanzia pasipofaa: utosi mwekundu. Wakishauona wanaandika jina na kusonga mbele. Utosi mwekundu ni wa dume peke yake, jike hana kabisa, na katika jangwa lake la Sonora, lililoko kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, kuna kigong'ota mwingine ambaye dume wake naye ana wekundu kichwani. Mimi huanza na uso.

Uso wa Gila ni mtupu. Kichwa, shingo na kifua vina rangi moja ya hudhurungi iliyofifia, kama mchanga mkavu, bila mstari wala doa. Mgongo na mabawa yamejaa michirizi myembamba ya kukingama, mweusi kwa mweupe. Uso mtupu pamoja na mgongo wa pundamilia: ukiviona vyote viwili kwa pamoja, kazi karibu imekwisha. Akiruka, tazama mabaka meupe karibu na ncha za mabawa. Tumbo huwa na umanjano hafifu unaoonekana akiwa karibu tu. Urefu wake ni kama sentimita 23, uzito kati ya gramu 50 na 80. Waliozoea vigong'ota wa nyika za Afrika Mashariki wasitafute masharubu mekundu kama ya dume wa kigong'ota wa Nubia, huyu hana.

Wa kuchanganywa naye ni wawili. Dryobates scalaris pia ana mgongo wenye mistari kama ngazi, lakini ni mdogo zaidi, sentimita 18 hivi, na uso wake una mistari myeusi na myeupe. Colaptes chrysoides, ambaye nitamwita kigong'ota wa dhahabu, ni mkubwa, hufika sentimita 28. Ana hilali nyeusi kifuani, madoa tumboni, na chini ya mabawa manjano inayowaka anaporuka. Mwezi wa Mei kuna mtego mwingine: Gila hutumbukiza kichwa ndani ya maua ya saguaro, lile dungusi kakati kubwa la jangwani, na kutoka na uso uliopakwa chavua. Manjano hiyo si ya manyoya. Subiri ajipanguse kabla hujatangaza ndege mgeni.

Jina lake linatokana na mto Gila wa Arizona, na hutamkwa "Hila". Mswahili atacheka, lakini hila anazo kweli. Hudokoa mayai na makinda ya ndege wengine, hukamata mijusi wadogo, na mijini huwania maji ya sukari waliyotundikiwa ndege wavumao, wale wadogo wanaokunywa nekta. Chakula chake cha kawaida ni wadudu na mabuu, matunda ya saguaro ya Juni na Julai, na yale matunda madogo ya mmea kimelea unaoota juu ya matawi ya miti ya jangwani. Dume, mwenye mdomo mrefu zaidi, hupenda kugonga mashina na matawi makubwa; jike hutafuta zaidi pembezoni.

Sasa matundu, maana hapa ndipo ndege huyu anapoeleweka. Saguaro ni dungusi kakati refu kupita mita 12, linaloishi zaidi ya miaka 150. Linafanana kwa mbali na mieuforbia ya Bonde la Ufa, ila si ndugu. Ndani yake kuna mbavu ngumu za mti zilizosimama kuzunguka kiini, na nje ya mbavu hizo kuna nyama nene yenye maji. Gila huchimba katika nyama hiyo ya nje, akiingia kwa mlango wa kipenyo cha sentimita 5 hivi kisha kushuka chini, tundu likawa na umbo la kibuyu.

Kidonda kibichi huchuruzika utomvu wa kunata, na hakuna yai litakalosalimika humo. Kwa hiyo ndege huchimba, huondoka, na hungoja miezi kadhaa. Saguaro hujitibu kwa kujenga gamba gumu kuzunguka kidonda ili maji yasipotee. Gamba hilo likishakauka ndilo linalokuwa ukuta wa kiota. Ni gumu hata mmea ukishakufa na kuoza hubaki chini likiwa zima, na Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hilo, walilitumia kama chombo cha kuwekea vitu. Hivyo ukimwona Gila anachimba kwa bidii, usihesabu kwamba atataga humo wiki ijayo.

Lawama kwamba vigong'ota wanaua saguaro huwa zinamwangukia asiyestahili. Kwa kuwa Gila hubaki nje ya mbavu, mmea huvumilia. Kigong'ota wa dhahabu ni mkubwa, anahitaji chumba kikubwa, na huchimba juu kabisa, ndani ya mita 3 hivi kutoka kileleni, ambako huzikata mbavu. Huyo ndiye anayeweza kuudhoofisha mmea. Basi mahali tundu lilipo kwenye shina hukupa dokezo la mwenyewe: karibu na kilele, shuku wa dhahabu, chini zaidi, shuku Gila. Ni dokezo tu, kwani wapangaji hubadilika. Bundi wadogo kabisa aina ya Micrathene whitneyi hawajui kuchimba na hutegemea matundu haya. Kozi na hata kwezi wa Ulaya nao huyatwaa. Kichwa kinachochungulia mlangoni si lazima kiwe cha fundi.

Kutaga huanza Aprili, mayai 3 au 4 meupe juu ya sakafu tupu. Wazazi wote huatamia, kwa wiki 2 hivi, na mara nyingi hulea uzao zaidi ya mmoja kabla ya Agosti. Simama mbali ukiwa na darubini asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Usicheze sauti yake iliyorekodiwa karibu na kiota: ni ndege mgomvi, ataacha kulisha aje kumtafuta adui asiyekuwepo. Sauti yenyewe ni "churrr" inayotetemeka, au mlio mkali wa "yip yip yip" unaofanana na kelele za kijibwa.

Kule Tucson na Phoenix, miji ya Arizona, malalamiko makubwa ni ndege anayegonga bomba la bati alfajiri. Hatafuti wadudu. Anatangaza eneo lake, na bati linavuma kuliko mti. Funika mahali anapogonga kwa kitambaa kinene, mlio ufe, naye atahamia kwingine. Kumdhuru ni kosa chini ya sheria ya Marekani ya 1918 inayolinda ndege wanaohama, ingawa yeye mwenyewe kwa kawaida hahami. Huko Arizona bado wako wengi. California iliwatangaza kuwa hatarini mwaka 1988: kule hutegemea sana miti ya kandokando ya mto Colorado, na miti hiyo imekatwa mno.